Anayesubiri Kaskazi atatukuta tumeshavua

Ukipita Sahare, hapa Tanga, mwezi wa tisa, ukawauliza vijana wanaotia viraka nyavu chini ya mkungu lini bahari inakuwa nzuri, watakujibu kwa mdomo mmoja: ngoja Kaskazi iingie. Sikatai, Kaskazi, ule upepo wa kaskazini mashariki wa kuanzia Desemba, ina raha zake. Bahari ya nje inalala, boti za faiba zinafika mbali, na sokoni wanashuka nguru na jodari wa kubebwa mabegani. Lakini kwa sisi wenye ngalawa na mshipi wa mkono, tusiokwenda mbali kiasi cha kupotewa na mji machoni, msimu si ule. Msimu wetu ni huu wa sasa, tangu Kusi, upepo wa kusini mashariki, inapoanza kuchoka hadi mvua za vuli zinapochafua maji. Demani, ndiyo majira hayo Kusi inapolegea, na zile wiki za tangambili zinazofuata, pepo zinapobadilishana. Septemba, Oktoba, na Novemba kidogo kama mvua zimechelewa. Hapo ndipo mtu mwenye vipande vya ngisi na chubwi mbili tatu (vizito vya kuzamishia mshipi) anaweza kurudi na deli, sanduku la barafu, zito kuliko la mwenye injini, tena bila kununua petroli.

Nianze kwa kusema mimi si mvuvi wa kazi. Natengeneza friji na majokofu pale Ngamiani, barabara ya 12, na baharini namfuata Mjomba, kaka yake mama yangu, mzaliwa wa Mwambani ambaye ngalawa yake anailaza Sahare. Yeye ndiye nahodha. Kazi yangu mimi ni kukumba maji, kupiga kafi na kunyamaza. Haya ninayoyaandika mengi nimeyapata kwake, mengine nimeyaona mwenyewe, na pale tusipokubaliana nitasema wazi, maana kuna jambo la ngisi tunabishana kila mwaka.

Kusi ya mwezi wa sita na wa saba kila mtu wa pwani anaijua. Inavuma kutoka kusini mashariki mchana kutwa, mawimbi yanavuka mwamba, mchanga unakorogeka, na ukishusha mshipi hata chubwi nzito haikai chini. Mkondo wa bahari huku kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na Kusi inauongezea nguvu, kwa hiyo mshipi wako unavutwa pembeni mpaka hujui kama ndoano iko mwambani au iko maji ya kati. Unavua kwa kubahatisha. Kisha inaingia Septemba, na dalili ya kwanza mimi huwa siipati baharini, naipata kazini: turubai la mbele ya duka linaacha kupigapiga mchana. Nikiona hivyo nampigia Mjomba. Yeye hunijibu kwamba ameshajua tangu juzi.

Raha ya demani ni kwamba upepo unakuwa na saa zake. Usiku wa manane hadi alfajiri unatoka bara, ule umande unaokuja taratibu kutoka upande wa Muheza, na unatosha kabisa kulijaza tanga dogo la ngalawa. Jua likishachoma nchi kavu, mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, upepo wa bahari unaamka na kuvuma kuja ufukweni. Upepo wa kwendea na upepo wa kurudia vyote unapewa bure, ukiamka mapema. Aliyelala hadi saa 1 asubuhi atakwenda kwa kafi, na huyo simhurumii.

Upepo unakupa ruhusa ya kutoka tu. Samaki unapewa na maji, na hapa ndipo watu wengi, hasa wanaokuja likizo kutoka Dar na fimbo zao mpya, wanapopotea. Wanatazama kalenda ya ukutani: Jumamosi nina nafasi, basi Jumamosi ndiyo siku ya kuvua. Mjomba anatazama mwezi. Hesabu yake ni nyepesi, na ukishaishika huhitaji jedwali la bandari. Siku za mwezi mwandamo na siku za mwezi mpevu, pamoja na mbili tatu zinazofuata, ni bamvua, maji yanajaa sana na kukupwa sana. Bamvua la Tanga linajaa mnamo saa 10, ya alfajiri na ya jioni, na maji yanakupwa kabisa mnamo saa 4, ya asubuhi na ya usiku. Kila siku inayopita saa hizo zinasogea mbele kwa kama dakika 50. Ukihesabu tangu mwezi kuandama, ukifika mwezi 8 au 9, na tena mwezi 23 au 24, mambo yamegeuka kabisa. Ni maji mafu, yanajaa kidogo na kukupwa kidogo, na sasa kujaa ni saa 4, kukupwa ni saa 10.

Sasa lichukue hilo uliweke pamoja na upepo niliousema. Siku ya maji mafu, saa 10 alfajiri maji yamekupwa. Saa 11 unasukuma ngalawa, umande unakutoa. Saa 12 uko mwambani, kunapambazuka, maji ndiyo kwanza yameanza kuja, na yatakuja polepole hadi saa 4, wakati ambapo upepo wa kukurudisha unaanza kuamka. Macheo, maji ya kujaa, mkondo mpole na upepo wa kurudi nyumbani, vyote katika asubuhi moja. Wakati wa Kusi hesabu ya mwezi ni ileile lakini upepo unaiharibu. Wakati wa masika mvua inaiharibu. Ndiyo maana nasema demani ni yetu.

Bamvua nalo lina mambo yake, na bamvua za Septemba na Oktoba si za kuchezea. Pamoja na za Machi, ndizo kubwa kuliko zote za mwaka, kwa sababu jua wakati huo liko usawa wa ikweta na mvuto wake unaungana vizuri na wa mwezi. Hapa kwetu maji yanaweza kushuka zaidi ya mita 3 ndani ya saa sita. Na hayashuki kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanajivuta, saa ya tatu na ya nne yanakimbia, kisha yanapoa tena. Ukitia nanga kwenye mlango wa ghuba upande wa Ras Kazone katika saa ile ya tatu utaona kamba ya nanga inalia. Huwezi kuvua changu hapo. Chubwi ikifika chini imeshakwenda nyuma ya ngalawa, na kinachobaki ni kunasa mwambani na kukata mishipi. Na ukiegesha juu ya fungu saa 3 asubuhi ukashuka kuokota chaza, ujue chombo chako kitakaa pale hadi maji yarudi, na wewe pamoja nacho.

Saa hizo za maji kukupwa waachie kina mama wa pweza. Siku za bamvua utawaona wametandaa juu ya mwamba na michokoo yao na ndoo, wanainama kwenye kila tundu. Wao kalenda hii wanaijua kuliko sisi sote.

Nirudi kwenye maji mafu, maana ndiyo niliyokusudia kuyaandika. Mwaka jana mwezi wa kumi tulitoka siku ya pili baada ya yale mafu kabisa, kwa hiyo maji yalikuwa yamechelewa. Tulipofika kwenye mwamba wa kina cha pima 4 hivi yalikuwa hayajageuka. Bahari ilikuwa imetakata. Nilishusha mshipi na niliweza kuiona chubwi ikienda chini, inazidi kuwa ndogo, mpaka ikatua kwenye mchanga mweupe katikati ya matumbawe mawili. Nikaona na samaki pia: kikande mmoja alikuja akaitazama ndoano yangu akaondoka. Tukakaa. Jua likatoka. Hakuna kitu.

"Mjomba, tuhame?"

"Tuhame tukatafute nini? Samaki wapo, hawana sababu ya kula. Subiri maji yaje."

Akafungua mfuko wa vichwa vya dagaa, akaviponda kwa mpini wa kisu juu ya ubao, akavichanganya na mchanga wenye unyevu aliouchota ufukweni kabla hatujaondoka, akafinyanga madonge na kuyaacha yazame moja moja upande wa omo, mbele ya chombo. Mchanga ni wa kuyafikisha chini. Bila huo yanatawanyika juu na kulisha vidagaa. Mimi huku naitazama pwani. Kwa siku zisizo na upepo, ngalawa iliyotiwa nanga ndiyo saa yako: maji yakitoka omo inatazama nchi kavu, maji yakiingia omo inageuka kutazama bahari. Ilikuwa imekaa mshazari, haijui pa kwenda. Kisha nikauona mnara wa simu uliokuwa kulia kwangu unahama taratibu, unapita nyuma ya kichwa cha Mjomba, unatokea upande wa pili. Omo likaelekea Pemba. Mjomba hakusema kitu, aliusogeza tu mshipi wake kwenye kidole cha shahada.

Changu anakuja kwa namna yake, na ukishaijua huisahau. Anadona mara mbili, tuk tuk, anatulia, halafu mshipi unaanza kwenda pembeni. Wale wanaovuta kwa pigo la kwanza wanampokonya chambo mdomoni. Kikande yeye hadoni, anakwangua, unahisi kama mtu anapitisha kucha kwenye nailoni, na ukivuta unakuta ndoano safi au mshipi umekatwa kwa meno. Pono mdogo anatikisa bila kwenda popote. Kwa hiyo subiri ule mwendo wa pembeni, ndipo unainua mkono mara moja, si kwa nguvu, na hulegezi tena hadi aonekane. Ukilegeza anaingia chini ya tumbawe na habari imekwisha.

Asubuhi ile tulivua changu mpaka mikono ikawa na michirizi, na mshipi wa pili wa Mjomba, ule aliouacha ukielea nyuma na kibua mzima, ukachukuliwa na kolekole aliyetuzungusha kwenye nanga hadi tukalazimika kuifungua na kumfuata. Saa 4 na robo kulikuwa na mawimbi madogo yenye weupe, tukapandisha tanga.

Vifaa vya demani si vile vya Kusi. Hili ndilo jambo dogo linaloleta tofauti kubwa na watu hawalitilii maanani, labda kwa sababu mshipi mnene unampa mtu moyo. Maji yakiwa ya vurugu mshipi wa milimita 0.8 hauna ubaya, samaki hauoni. Maji yakitakata anauona. Mimi nashuka hadi 0.5, na asubuhi ya maji maangavu sana hadi 0.4, na ndoano ndogo kulingana nao. Chubwi iwe nyepesi kadiri mkondo unavyoruhusu. Kama imekaa chini imetosha, usiongeze. Mjomba anakwenda mbali zaidi: kwenye maji yanayosimama anaitoa chubwi kabisa na kukiacha chambo kizame chenyewe, kikipepea. Hapo utaona changu wanapanda kukifuata.

Chambo changu ni ngisi. Dagaa ni laini, kikande mmoja anamaliza kazi. Ngisi unamchuna ile ngozi yenye madoa ukabaki na nyama nyeupe, unaikata vipande virefu vya ukubwa wa kidole cha mwisho, na ndoano unaipitisha ncha moja tu ili kilichobaki kicheze. Usikikunje kwenye ndoano kama mshikaki. Kamba mbichi ni wazuri pia, lakini kwa bei ya kamba siku hizi afadhali uwapeleke nyumbani.

Bamvua nalo si la kulala. Mimi siku za bamvua naacha mwamba, nachukua pikipiki jioni na kwenda kwenye hori za mikoko (mikono ya bahari inayoingia bara) za upande wa kusini, njia ya kuelekea Tongoni. Maji yakijaa yanaingia hadi ndani kabisa ya mizizi, na chaa, mikizi na kamba wadogo wanaingia nayo kula. Saa 10 yamejaa, yanasimama kidogo. Saa 11 yanaanza kutoka, na kila kilichoingia kinalazimika kutoka kwa mlango mmoja, jua likiwa linashuka. Simama pale mlangoni, upande ambao maji ya hori yanakutana na kina, ukiwa na chaa mdogo au kamba hai kwenye ndoano, bila chubwi, mshipi unaachwa uende na maji. Kolekole na mzia wadogo wanasubiri palepale kwa sababu ileile inayokuleta wewe. Weka kipande cha waya mbele ya ndoano kwa ajili ya mzia. Na viatu, si kandambili. Tope la mikoko linameza kandambili na chaza wa kwenye mizizi wanakata kama wembe. Ukimwona mkizi anaruka hovyo juu ya maji usishangilie bure, mara nyingi ana anayemfukuza. Tupa hapohapo.

Ninachokichukia kwenye hori hizo ni kokoro, wavu wa kuburuta. Ni haramu kisheria na kila mtu anajua, na bado usiku kuna watu wanaburuta humo, wanatoa vichanga vya changu vya urefu wa kidole na kuvimwaga ufukweni kwa sababu hata havikaangiki. Wale ndio changu wa mwambani wa miaka ijayo.

Na mwamba nao umeshateswa vya kutosha. Waliokulia hapa wanaukumbuka mlio wa baruti. Katika miaka ya 2010 ilikuwa kawaida kuusikia asubuhi ukiwa umekaa kwenye ngalawa, halafu unaona boti inakimbilia palipotoka povu. Sasa umepungua sana. Lakini pale palipopigwa ndoano yako bado inakwambia: chubwi inagonga kokoto za tumbawe lililovunjika, inanasa kila mara, na hakuna anayedona. Mjomba ana ramani ya sehemu hizo kichwani na anazipita bila hata kupunguza tanga.

Jambo la mipaka, kwa wageni. Kisiwa cha Ulenge kinavutia, maji yake ni mazuri, na usivue pale. Ulenge, pamoja na Kwale, Mwewe na Kirui kwa upande wa kaskazini, ni maeneo tengefu ya bahari. Kusini mwa mji unaingia kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009 baada ya wavuvi wa Kigombe na jirani zao kuwatoa kwenye majarife yao wale samaki ambao dunia iliamini wamekwisha zamani za kale, mpaka alipopatikana mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Kwa hiyo kabla hujashusha mshipi huko waulize viongozi wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, wa mwalo unaotokea, na leseni uwe nayo. Hawana makuu, watakuelekeza.

Mvua za vuli zikianza mchezo unabadilika. Mto Zigi unatoka huko Amani, milima ya Usambara, unapita kwenye bwawa la Mabayani linalotunywesha mji mzima, na kumwaga kwenye ghuba yetu. Mkulumuzi nao uko jirani. Kwa hiyo inaweza kuwa Ngamiani hakujadondoka hata tone, na ghuba ikawa rangi ya chai ya maziwa kwa sababu Amani kulinyesha. Ukiona hivyo usipoteze asubuhi yako karibu na kisiwa cha Toten. Utapata hongwe, na hongwe ana miba ya kukuharibia wiki. Ama nenda kusini kuelekea kisiwa cha Yambe ambako maji yanabaki safi, ama tafuta pale maji ya mto yanapokutana na maji ya bahari. Pana mstari unaoonekana kwa macho, upande mmoja udongo, upande wa pili buluu, na takataka na mapovu vimejipanga katikati. Dagaa na vibua wanapita kando yake na kolekole wanawafuata. Vuta mshipi nyuma ya ngalawa sambamba na mstari huo, kwa upande wa maji safi. Ndege wakianza kudondokea maji mbele yako huhitaji ushauri wangu tena.

Tangambili ina kasoro moja, na hiyo usiidharau. Upepo hauna mwenyewe. Unaweza kukaa kwenye shwari ya kioo, na wingu jeusi likaja na upepo wa ghafla kutoka upande ambao hukuutegemea. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2, sisi hatutoki, hata maji yawe mafu ya namna gani. Na bila tahadhari pia, upepo ukikata ghafla na hewa ikawa ya baridi ghafla, Mjomba anang'oa nanga bila kuuliza mtu.

Sasa ngisi. Mjomba anasema ngisi ni wa giza, basi. Alivua kwa karabai ujana wake, na hoja yake ni kwamba hata boti za dagaa zinapumzika mbalamwezi, kwa nini? Kwa sababu taa haina kazi mwezi ukiwaka. Ni kweli kwa dagaa. Lakini ngisi tunaowataka sisi ni wale wakubwa wa kwenye majani ya bahari, maji ya pima moja na nusu au mbili, na hao hawahitaji taa. Wanawinda kwa macho, na magharibi na alfajiri wanaona vizuri kabisa. Mimi natumia kamba wa bandia, yule mwenye visindano nyuma, namtupa, namwacha azame, namvuta mara mbili kwa mkato, namwacha azame tena. Ngisi anamkumbatia wakati anazama. Unahisi uzito tu, hakuna pigo. Nimewapata hivyo mwezi 14 ukiwa juu umejaa. Mjomba anawala, anasema ni bahati.

Tahadhari ya tasi, maana demani wapo wengi kwenye majani hayo hayo na kila anayeanza anamshika kwa kiganja. Miba yake ya mgongoni, ya tumboni na ile ya nyuma yote ina sumu. Haiui, lakini utalia mbele ya watu. Mbane kwa kitambaa kinene kichwani, mkate miba kwa koleo kabla hujamtoa kwenye ndoano. Akishakuchoma, chovya mkono kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kujiunguza, ukae nayo nusu saa au zaidi. Sumu ile inavunjwa na joto. Sisi tunabeba chupa ya chai ya rangi kwa kazi mbili.

La mwisho ni barafu, na hapa Mjomba ananyamaza mimi naongea. Watu wanabeba mabonge ya barafu, wanampanga samaki juu, wanafunga deli. Bonge linamgusa samaki sehemu mbili tatu tu; kwingine ni hewa, na hewa haipitishi baridi vizuri. Vunja barafu iwe vipande vidogo, kisha mimina maji ya bahari mpaka upate uji mzito. Uji huo unamzunguka samaki pande zote, na kwa kuwa una chumvi unashuka chini kidogo ya nyuzi 0 bila kuganda, kwa hiyo changu wa saa 12 asubuhi anakuwa ameshapoa hadi kwenye mfupa kabla hujageuza tanga. Barafu iwe sawa na samaki unaotarajia kwa uzito, kama ni siku ya jua kali ongeza. Usitumie maji ya bomba, yanamfubaza macho, na wanunuzi wa soko la samaki la Deep Sea kitu cha kwanza wanachokitazama ni jicho. Ukifika nyumbani mwaga ule uji, mtoe matumbo na mashavu, kisha mpange kwenye barafu mpya tumbo likielekea chini ili maji yasituame ndani. Hivyo, changu wa Jumapili unamla Jumatano na bado nyama yake inakataa kidole.